Skani ya kufuatilia mayai: maelezo safi, pazia ndo balaa

Nimemaliza skani tano mwezi huu kwa kliniki moja huku kisiwani, jina naliacha coz bado narudi. Elfu 2 na mia 5 kila skani, sio bei ya mchezo, ila yule dada wa mashine wallahi anajua kazi yake.

Siku ya pili ya hedhi naona kwa skrini vidoti vyeusi kumi na moja, nikasema mashallah mayai yote hayo! Akacheka. "Haya si mayai bibie, ni vifuko, yai lenyewe liko ndani na ni dogo mno hii mashine hailioni." Hapo ndo akaniingiza darasa, kumbe tunazaliwa na vifuko kama milioni 1 hadi 2, vimelala tu kila kimoja kimezungukwa na safu moja ya seli bapa, kikiamka zile seli zanenepa, safu zaongezeka, mwisho ndani kwaanza kujaa maji na hayo maji ndo ile nyeusi ya kwa skrini. Na safari yote ni miezi, sio wiki mbili kama nilivyodhani, yaani vile vya kwangu vilianza zamani mie hata sina habari. Dakta wa kwanza kwengine aliniambia "mayai hayakui" akanipa vidonge, basi, hata kuniuliza nimeelewa hakuna.

Siku ya 10 kimoja kimefika milimita 13, wenzake wananywea. Siku ya 12, 17. Ya 14, 21. Akasema kikubwa huenda kama milimita 2 kwa siku, na hapo chaweza kupasuka kitoe yai wakati wowote, tusilale mimi na bwanangu 😂

Sasa lawama. Lile pazia ni fupi na dada ana sauti ya muezini, anamsomea vipimo mwenzake aandike, "ISHIRINI NA MOJA, KULIA!" na nje kwa benchi mama mmoja asonijua wala simjui akajibu "Mashallah!" Nikatoka nimejifunika mtandio mpaka puani.

Pia ukiambiwa saa tatu jua ni saa tano. Skani ya mwisho, siku ya 16, kifuko kishapasuka, nyuma ya mji wa mimba maji kidogo, akasema ndo dalili yenyewe, kilichobaki kinageuka kutoa homoni ya kutunza mimba ikiingia.

Nyota nne. Ya tano watie mlango.