Apu ya kujifunza poka: masomo yako juu sana, meza za chipu za bure ziwache kwanza

Kwanza tuelewane, hii si ile poka yetu ya kusema niko kadi. Hii ni Texas Hold'em, ile ya Las Vegas, ya mashindano ya World Series of Poker yaliyoanza 1970. Unapewa kadi mbili unaziona wewe peke yako, halafu katikati ya meza zinafunguliwa tano za kila mtu, tatu za kwanza zinakuja pamoja hiyo ndo flopu, ya nne ni tani, ya tano riva, na kabla ya flopu na baada ya kila hatua watu wanabeti. Kwa hizo saba unachagua tano zinazokupa mkono mkubwa zaidi. Nimekaa na hii apu muda wa kutosha na naona wengi kwa maoni wanaisifu kwa vitu vidogo na kile kikubwa wanakipita.

Kitu kidogo ni mpangilio wa mikono, peya (kadi mbili za namba moja), peya mbili, tatu za aina moja, streiti (tano zinazofuatana), flashi (tano za alama moja, kama kopa tupu), fulu hausi na kuendelea, hiyo ata chati tu ingetosha. Ila nimependa wanakuambia sababu. Ukitoa kadi tano kwa pakiti ya kadi 52 kuna mikono 2,598,960, flashi za kawaida ni 5,108 na streiti ni 10,200, kwa hivyo flashi inashinda streiti kwa sababu ya uadimu wake, basi.

Kile kikubwa ni somo la kiti. Yaani hapa ndo apu inalipa. Watu wawili walio kushoto kwa dila, yaani yule anayehesabiwa ndo mgawaji wa kadi mkono huo, wanalazimishwa kuweka pesa kabla ya kuona kadi, wa kwanza blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa, na anayewafuata ndo anaanza kuamua. Dila mwenyewe anaongea wa mwisho kuanzia flopu hadi riva, so ameshaona nani amecheki (amepita bila kubeti), nani amebeti, nani ametoroka, na wewe uliyeanza unaamua gizani. Sasa ukiwa unacheza na maroboti apu inakupa kingi na jeki za alama tofauti kwa kiti cha kwanza kwa meza ya watu tisa, na ukitaka kuingia inasimamisha mchezo inakuuliza watu wanane bado hawajaongea, ukipata peya ya kingi na mwingine ana esi na kingi utajuaje? Kingi jeki dhidi ya esi kingi inashinda kama robo tu ya wakati. Kadi hizo hizo ukiwa dila na wote wamefoldi (wametupa kadi), inakuambia reizi, yaani ongeza dau. Mtu anayeanza akishika hilo tu tayari ameacha kucheza kila mkono anaopewa, na kufoldi ndo kazi kubwa ya huu mchezo, ata kama watu hawapendi kusikia.

Halafu kuna bei ya poti, poti ni pesa zote zilizobetiwa katikati ya meza, hii nilikuwa naiogopa kwa sababu ya hesabu lakini wameieleza poa sana. Una esi na nane za kopa, flopu imeleta kopa mbili na kadi moja ya shupaza. Unangoja kopa moja zaidi, zimebaki 9 usizoziona, hizo tisa ndo auti zako. Zidisha auti mara mbili upate asilimia ya kuipata kwa kadi moja inayofuata, yaani kama 18, kamili ni 19. Mara nne kama utaona kadi zote mbili, 36, kamili ni 35. Sasa poti ina 400 na mtu amebeti 100, wewe unalipa 100 ili poti iwe 600, unahitaji asilimia 17 hivi, una 19, koli, yaani lipa uendelee. Akibeti 400 nzima unalipa 400 ili iwe 1,200, hiyo ni 33, na kwa kadi moja huna, foldi, labda awe ameweka chipu zake zote (vile vidude vya kubetia badala ya pesa) ndo utaona tani na riva bila kuulizwa tena, hapo una 35 na unaweza kukoli. Kadi ni zile zile, bei ndo imebadilika. Hilo somo lirudie mpaka lifanyike kichwani bila kalamu.

Sasa tuje kwa meza za watu wa kweli zenye chipu za bure. Hapa nasema wazi, kwa anayeanza zinaharibu. Chipu hazina thamani kwa hivyo mtu anasukuma zote kabla ya flopu na kadi yoyote ile, na wengine wanne wanamfuata. Ukiwa na esi mbili, mkono unaokuja mara moja kwa 221, dhidi ya mtu mmoja mwenye kadi zozote unashinda kama asilimia 85, dhidi ya watano inashuka mpaka karibu 49. Ndo maana masomo yanakuambia reizi mapema upunguze watu, lakini pale ukireizi hakuna anayetoka, na blafu, yaani kubeti kubwa bila mkono ili wengine wafoldi, pia haifanyi kazi kwa sababu blafu inataka mtu mwenye kitu cha kupoteza. Mtu anatoka hapo akidhani poka ni bahati tupu, na mimi hiyo inaniuma kwa sababu masomo yenyewe yako sawa kabisa.

Na chipu zikiisha apu inakuja na ofa ya kukuuzia zingine kwa pesa halisi, pesa ambayo hairudi kwa njia yoyote, chipu za hapo huwezi kuzitoa. Usinunue. Rudi kwa maroboti, hayo ni ya bure na hayaishi.

Nimeweka nyota nne. Ya tano nitaongeza wakituwekea meza ya watu waliomaliza somo la kiti na la bei ya poti, wacheze wao kwa wao, na wakiondoa lile tangazo linalotokea katikati ya mkono ukiwa bado unahesabu auti.