Kulipwa kwa kripto ukiwa Lamu: uzoefu wangu na karakana ya mjomba

Nitoe hukumu yangu mapema, asiye na muda asome hapa aende zake. Kwa fundi wa Lamu mwenye wateja ng'ambo, kupokea malipo kwa sarafu za kidijitali kunafaa, tena sana. Kuziweka huko kama akiba sikushauri. Na masoko ya kubadilishia sarafu hizo nayaogopa kama ninavyoziogopa zile kampuni kubwa za teknolojia zilizotufikisha huku.

Mimi ndiye ninayeshika simu na hesabu za karakana ya mjomba wangu, upande wa Langoni. Kazi yetu ni milango ya kuchonga, makasha na viti vya enzi. Mteja akiwa Mombasa au Nairobi hatuna shida. M-Pesa ipo tangu 2007 na arbuni inaingia kabla hatujaagana kwenye simu. Taabu ni mteja wa Ujerumani au Marekani. Mlango mkubwa wa mbambakofi ni kazi ya miezi, na fundi hanunui mbao kwa maneno matupu.

Kwa miaka tulipokea fedha za nje kupitia kampuni moja kubwa ya malipo. Kisha akaunti ikazuiwa, na ndani mna arbuni ya makasha mawili. Walitaka uthibitisho wa makazi: jina la barabara, namba ya nyumba, na bili ya umeme ya karibuni yenye jina langu. Fomu yao haisongi mbele mpaka ujaze namba ya nyumba. Nyumba yetu haina namba. Mgeni tunamwambia afike Msikiti wa Riyadha, kisha aulize kwa wachonga milango, na mtoto yeyote atamleta. Umeme wetu ni wa tokeni, tunanunua kwa simu, hakuna bili inayokuja mwisho wa mwezi, na mita yenyewe bado imeandikwa jina la babu, Mungu amrehemu. Nikaenda kwa chifu, nikapata barua yenye saini na muhuri, karatasi inayokubalika katika ofisi za serikali Kenya nzima. Niliituma, na kabla sijaiweka simu mfukoni nikajibiwa kwamba hati yangu haikidhi masharti. Barua ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mzima. Hakuna mtu aliyeisoma.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko ada zao na kuliko viwango vyao vya kubadilisha dola. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, watu wanatoka kila pembe kuja kupiga picha milango yake, lakini wanaoishi nyuma ya milango hiyo fomu haiwatambui.

Haikuishia hapo. Mtandao mmoja wa kijamii nao ukaufunga ukurasa wetu, wenye picha za kazi za miaka, kwa madai kwamba tunauza bidhaa za wanyamapori. Picha iliyolalamikiwa ni ya kiti cha enzi kilichopambwa kwa vipande vyeupe. Zamani mapambo hayo yalikuwa ya pembe za ndovu, hilo kweli, na mimi ni wa kwanza kuunga mkono marufuku ya biashara hiyo. Sisi tunatumia mfupa wa ng'ombe. Mjomba anauchemsha, anauanika, anaukata kwa msumeno mwembamba, kisha anausugua kwa msasa mpaka ung'ae. Mtu mwenye macho akikisogelea kiti anaona vitundu vidogo vya mfupa. Mashine iliona weupe tu. Kitufe cha kukata rufaa kipo, nilikibonyeza, nikaeleza yote hayo, jibu likawa mlango umefungwa na uamuzi ni wa mwisho.

Basi mteja wetu mmoja wa Ujerumani, aliyekwisha kununua kwetu zamani, akauliza kama tunapokea USDT. Kwa asiyeijua, hiyo ni sarafu thabiti: moja imekusudiwa kuwa sawa na dola moja ya Marekani, na kampuni ya Tether ndiyo inayoitoa. Nilipakua programu ya pochi ambayo funguo zake ninazishika mwenyewe. Haikuniuliza mtaa wala bili. Ilinipa anwani ndefu, nikamtumia mteja, na fedha zikaonekana kabla chai haijapoa. Mjomba alikuwa amesimama begani kwangu.

"Zimefika, au ni ahadi?"

"Zimefika, mjomba. Tazama."

"Na wao hawawezi kuzirudisha?"

Swali hilo ni zuri kuliko anavyodhani. Mteja hawezi. Lakini Tether wenyewe wana uwezo wa kuzigandisha USDT zilizo kwenye anwani fulani, na wamewahi kufanya hivyo mara nyingi, hasa kwa maombi ya vyombo vya sheria. Bitcoin haina kampuni nyuma yake ya kufanya hivyo. Ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mbili, na wauzaji wa ndoto huko mitandaoni hawaisemi.

Mambo ya kujua kabla hujaanza, kwa kuwa hakuna aliyenieleza. USDT zinasafiri kwenye mitandao tofauti. Sisi tunatumia Tron, ambapo anwani huanza na herufi T. Anwani za Ethereum huanza na 0x. Mwambie mteja wazi ni mtandao gani, aandike, akuthibitishie, kwa sababu fedha zikipelekwa kusiko, hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Pili, kwenye Tron huwezi kuzitoa USDT kwenye pochi bila kuwa na TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo wenyewe, za kulipia ada, hata kama una dola elfu. Siku hizi namwomba mteja atangulize TRX chache pamoja na arbuni. Kwa vitu vidogo, kama sahani za mbao na fremu za picha, tunapokea Bitcoin kwa Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin. Bitcoin ya kawaida hupitishwa kwenye bloku, yaani fungu la miamala, inayotoka takriban kila dakika 10, na ada hupanda msongamano ukizidi. Kwa Lightning malipo ni ya papo hapo na ada ni ndogo mno.

Kisha kuna maneno ya siri, 12 au 24, ambayo pochi hukupa unapoifungua, na ndiyo fedha zenyewe. Simu ikitumbukia baharini unanunua nyingine, unayaingiza, unazikuta zote. Ukiyapoteza, zimekwenda. Karatasi Lamu haikai: unyevu wa bahari unaila wino na mchwa wanamaliza kilichobaki. Nilichukua kipande cha chuma kisichoshika kutu, nikagonga herufi kwa nyundo na vyuma vya kupigia herufi, usiku, karakana ikiwa tupu. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, kwa sababu orodha ya maneno 2,048 yanayotumika ilipangwa ili yasifanane katika herufi hizo. Sikumpa fundi mwingine anigongee, na wala usimpe wako.

Sasa soko la kubadilishia. Hapa ndipo sifa zangu zinapopungua. Msumari haununuliwi kwa USDT dukani, lazima zigeuzwe shilingi, na njia iliyozoeleka ni kuuziana mtu kwa mtu ndani ya soko la kripto: soko linazishika sarafu zako, mnunuzi anakutumia M-Pesa, ukithibitisha zinaachiliwa. Kwa kiwango cha bei nimeridhika. Lakini kuelekea Idd, mafundi wakisubiri ujira wao, soko tulilokuwa tukitumia lilizuia kutoa fedha na kutaka nieleze chanzo chake. Nikapeleka picha za makasha, mazungumzo na wateja, risiti za mbao. Kimya, kisha jibu la mashine, kisha kimya tena. Watoto wa mafundi walikuwa wameahidiwa nguo. Mjomba alikwenda kukopa kwa rafiki yake ili watu walipwe kabla ya mwezi kuandama, na akaunti ikafunguliwa baada ya sikukuu bila neno la pole. Ni kampuni ile ile kwa sura nyingine: fomu, mashine, na mtu hayupo. Tangu hapo sarafu zinakaa kwenye pochi yetu, zinaingia sokoni kiasi cha kuuza siku hiyo, basi. Kumbukeni FTX, soko kubwa la kripto lililoanguka Novemba 2022: watu waliokuwa na fedha zao mle walilala wanazo wakaamka hawawezi kuzitoa.

Na jihadharini na ujumbe wa uongo wa M-Pesa. Mnunuzi anakutumia maandishi yanayofanana kabisa na ya kweli, kisha anakuharakisha uachilie sarafu. Usisome ujumbe, tazama salio lako kwa *334#. Jina la aliyetuma lisipolingana na jina la mnunuzi kwenye soko, rudisha fedha na uvunje biashara, maana fedha za mtu wa tatu zinaweza kuwa za wizi.

Mjomba aliuliza pia kwa wanaojua dini. Wanazuoni wametofautiana, wapo wanaokataza kwa sababu ya gharari, yaani biashara ya jambo lisilo na uhakika, na kubahatisha, wapo wanaoruhusu. Uamuzi wa mjomba ni kupokea ujira wa kazi iliyo wazi na kugeuza shilingi mapema, bila kununua ili kusubiri bei. Kwa mfuko pia ni uamuzi mzuri. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Hata dola si ngome: mapema 2024 ilifika karibu shilingi 160, na baada ya wiki chache ikashuka kuelekea 130. Aliyeweka bei ya mbao kwa kiwango cha Januari aliumia Aprili.

Kuhusu sheria, hofu ya zamani imepungua. Benki Kuu ilitoa onyo Desemba 2015, na wengi bado wanadhani kripto ni haramu nchini. Kodi ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma. Oktoba 2025 ikatiwa saini sheria inayowaweka watoa huduma hao chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Natumaini italeta hata ofisi moja yenye mtu wa kuzungumza naye.

Ninayempendekezea ni mwenye kazi ya mikono au ya kompyuta, mwenye mteja wa mbali anayemfahamu. Mwenye kuuza kwa watalii waliosimama mbele yake haihitaji. Kijana anayetaka kuingia kwa mkopo ili apate faida, nakusihi usiingie.

Ukurasa wetu wa picha bado umefungwa, na arbuni ya makasha mawili bado imekwama. Makasha tuliyamaliza na kuyasafirisha kwa gharama zetu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Nimeandika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, nimeambatanisha barua ya chifu na picha ya mfupa kabla haujakatwa. Mwenye karakana, nyumba ya wageni au chombo cha kutembeza wageni aliyefungiwa namna hii, aandike naye. Nitamsaidia kuipanga barua.