Ugali wa Uwele na Mlenda Karibu na Soko la Majengo, Dodoma: Tathmini ya Mwokaji Mikate

Mgahawa ninaouandikia hauna kibao mlangoni. Uko katika uchochoro mmoja karibu na Soko la Majengo jijini Dodoma, na wateja wake wengi ni wapagazi wa sokoni, madereva wa bodaboda na watumishi wa ofisi za jirani, ambao huutambua kwa mama anayepika. Mimi ni mwokaji mikate kutoka Mombasa niliyekuja Tanzania kufanya kazi katika bekari ya hapa jijini, na nimekuwa nikila hapo mchana tangu wenzangu wa zamu ya usiku waliponipeleka. Nimeona ni haki kuuandikia kwa sababu, katika sehemu zote nilizokula Dodoma, hapa ndipo nilipoona unga wa uwele ukitunzwa kwa uangalifu ambao sisi waokaji tunaudai kwa unga wa ngano, na tofauti yake unaiona tonge la kwanza tu.

Anayetoka pwani huambiwa mengi kuhusu chakula cha Dodoma kabla hajakionja. Huambiwa kwamba nchi ni kame, kwamba ugali wao ni mweusi na mchungu, na kwamba hawana mboga isipokuwa mlenda, ile mboga ya majani yenye utelezi. Ukame ni kweli. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600, kiasi ambacho kwa mahindi ni kubahatisha lakini uwele na mtama hukimudu bila shida, ndiyo maana Wagogo, wenyeji wa huku, wamezishikilia nafaka hizi kizazi baada ya kizazi. Uchungu ni jambo jingine kabisa, nao hautokani na nafaka bali na unga uliokaa.

Hapo naomba nieleze kidogo, kwa kuwa ndipo palipo ubora wa mgahawa huu. Punje ya uwele ina mafuta mengi kuliko punje ya ngano, yapata mara mbili au zaidi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo imo katika kiini chake. Maadamu punje ni nzima, mafuta hayo hukaa salama kwa miezi mingi ghalani. Ikishasagwa, hewa huyafikia, vimeng'enya vilivyomo katika nafaka huanza kuyavunja, na kwa joto la huku unga huweza kubadilika harufu na ladha ndani ya siku chache. Unga mweupe wa ngano tunaoutumia bekari umeondolewa kiini kinuni, kwa hiyo hukaa stoo muda mrefu bila kuharibika. Mpishi anayeuchukulia uwele kama sembe au ngano, akanunua mfuko mkubwa wa unga na kuuchota mwezi mzima, atapika ugali mchungu hata akiwa fundi wa kusonga. Nimeshaletewa ugali wa namna hiyo kwingineko mjini, wenye harufu ya mafuta ya zamani, na nikaelewa kwa nini mgeni akiuonja mara moja huapa kutourudia.

Mama wa Majengo hununua uwele ukiwa punje. Huupepeta, huutoa mchanga na vijiti, kisha hupeleka kiasi kidogo mashineni kila baada ya siku moja au mbili, na unga unaobaki hufunikwa na kutumika kwanza kabla mpya haujaguswa. Nilipomuuliza kwa nini hajipunguzii safari za mashineni, alinieleza kwamba kwao walisaga kwenye jiwe kiasi cha kutosha siku hiyo, na haoni sababu ya kuacha utaratibu huo ati kwa kuwa sasa kuna mashine. Hakuwa na haja ya kunieleza habari za mafuta na vimeng'enya. Anajua kwa pua yake kile ambacho mimi nilifundishwa darasani.

Kusonga kwake nako kunastahili kuangaliwa. Ngano ina gluteni, ambayo hushikamana na kuvutika unapoukanda unga, na ndiyo inayouwezesha mkate kuumuka na kusimama. Uwele hauna gluteni, kwa hiyo kinachoushika ugali ni wanga ulioiva vizuri peke yake. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 kama kwetu Mombasa, jambo linalofanya subira iwe ya lazima. Mama huanza na uji mwepesi, akauacha uchemke mpaka yale mapovu madogo ya mwanzo yawe mazito na kuanza kupasuka kwa mlio wa chini, ndipo huongeza unga kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka bila kupumzika. Mwishoni hupunguza mkaa, hufunika sufuria, na mteja mwenye haraka huambiwa, “Kaa kidogo, mwanangu, bado haujaiva.” Unapofika mezani una rangi ya majivu yenye ukijani kwa mbali, haugandi vidoleni, hukatika bila kumeng'enyeka, na una harufu inayokaribia ile ya karanga zilizoanza kukaangwa. Kwetu pwani upo mkate wa mofa, ambao kwa asili ni wa unga wa mtama na huokwa katika tanuri, kwa hiyo nafaka za namna hii sikuzianzia hapa. Hata hivyo, ladha ya unga uliosagwa jana yake niliikutia katika uchochoro huu.

Mlenda wake ni wa majani makavu yaliyotwangwa, namna ambayo huwawezesha watu wa huku kula mboga hata katika miezi ambayo hakuna jani bichi shambani. Mama huuchemsha kwa maji kidogo, huweka nyanya, kisha karanga zilizosagwa, na magadi kwa kipimo cha ncha ya kijiko. Kipimo hicho ndicho mtihani. Magadi yakipungua mlenda hauvutiki na majani hubaki magumu. Yakizidi, ladha ya sabuni hufunika kila kitu. Nimekaa karibu na jiko lake nikamwona akiinua upawa juu ya chungu, akaangalia uzi wa mlenda unavyoshuka, na kuongeza maji badala ya magadi kwa sababu uzi ulikuwa mnene mno. Ukichovya tonge, mlenda hulifunika lote kwa safu nyembamba, karanga huleta mafuta na utamu, na ule ukavu wa uwele ambao watu huulalamikia hutoweka. Nina hakika kwamba vyakula hivi viwili vimezoeana, na anayekula ugali wa uwele kwa maharage au kwa kabichi ya kukaanga hajautendea haki.

Kuhusu vyakula vingine sina maneno mengi. Mbuzi wa mchuzi ni mzuri na nyama yake imelainika vya kutosha. Kuku wa kienyeji hupatikana siku chache, na siku nyingine huja akiwa mgumu. Maziwa mgando ni ya kuaminika, na kwa mtu asiyeupenda mlenda, bakuli la maziwa hayo linatosha kabisa kuusindikiza ugali. Juisi ya ubuyu ingekuwa bora kama sukari ingepunguzwa nusu, maana mbuyu wa huku una ukali mzuri ambao ni hasara kuufunika. Zabibu mbichi huwekwa mezani msimu wake ukifika. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katika miezi hiyo mteja huweza kumalizia mlo kwa kichala kilichotoka shambani asubuhi hiyo. Mgahawa wowote wa Mombasa ungejivunia kuweka kitu kama hicho.

Upande ambao sitausifu ni wa kifungua kinywa. Maandazi ya hapo ni bapa na mazito, hasa mwezi wa Juni na Julai, na sababu yake naijua kwa kuwa tunapambana nayo bekari kila mwaka. Alfajiri za miezi hiyo joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, hamira hufanya kazi polepole, na hewa kavu huuwekea unga uliokandwa ngozi ngumu juu yake inayouzuia kuumuka. Kijana anayekaanga huanza saa ile ile aliyoizoea wakati wa joto, kwa hiyo maandazi huingia katika mafuta kabla ya wakati wake. Yangehitaji maji ya uvuguvugu, kitambaa chenye unyevu juu ya beseni na saa moja zaidi ya kusubiri. Nilimweleza hayo kwa heshima na akayapokea vizuri, ila wakati ninaandika bado sijaona mabadiliko, na kwa sasa ningemshauri mteja wa asubuhi achukue uji wa uwele. Uji huo una unga safi ule ule na ni mtamu hata bila sukari.

Huduma ni ya haraka, maji ya kunawa ni ya moto na sabuni ipo wakati wote. Viti ni vichache, kwa hiyo saa saba mchana utakula ukiwa umebanana na watu usiowajua, na kwa mgeni mwenye kazi ngeni katika mji mgeni hilo limekuwa neema, kwa maana hapo ndipo nilipofundishwa kuitikia “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, na kujua mnada upi una mbuzi wazuri. Bei haizidi ya chipsi mayai na soda, na unaweza kulipa kwa simu. Kwangu mimi ninayetoka kazini alfajiri na kulala hadi adhuhuri, mlo huo hunishikilia hadi naingia tena zamu bila kunitia uzito wa usingizi.

Atakayefika kwa mara ya kwanza aagize ugali wa uwele, mlenda wa karanga na kipande cha mbuzi pembeni, na ajitahidi kufika kabla ya saa nane. Sufuria ya uwele hupikwa mara moja kwa siku, na ikiisha mama hasongi nyingine. Kinachobaki ni ugali wa sembe, ambao unapatikana kila kona ya Dodoma.