Hesabu na sayansi: Kiswahili au Kiingereza?

Jamani hili la lugha skuli tuliseme wazi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wanaoitetea wana hoja, mitihani ya sekondari ni Kiingereza, mahoteli ya Nungwi nayo yanataka kijana anayekijua.

Lakini mie niko upande wa Kiswahili. Juzi nimefungua daftari la mwanangu hapa Wete, kanakili ukurasa mzima wa Kiingereza kuhusu maji kugeuka mvuke, hati nzuri kweli, namuuliza maana yake, yeye kimya. Nikamuoneshea kanga ilioanikwa uani, nikamwambia haya maji yake yanakwenda wapi? Akanieleza mpaka jua na upepo! Sasa huyu hajui sayansi au hajui lugha? Na mwalimu mwenyewe unakuta anasoma sentensi kwa Kiingereza halafu anafasiri kwa Kiswahili, kipindi chishamalizika.

Kiingereza kisomeshwe, tena vizuri, kwa somo lake na walimu wake waliopikwa khasa, ila mtoto wa miaka kumi na moja asikoseshwe hesabu kwa ajili hiyo.