"Hapa palikuwa msikiti": siku yangu Kilwa Kisiwani

Nimekaa na hasira hizi muda mrefu, nikasema acha zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa. Basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, nilimpeleka shangazi yangu Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Shangazi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Alitoka huko binti mdogo, akaolewa Dar, akazeekea Mbagala, na miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka maji kwenda Kisiwani. Kila Kilwa ikitajwa redioni utamsikia: "Kwetu huko, ila sijakuona." Nikajichanga. Mimi, yeye, na kijana wangu wa kidato cha tatu. Basi la Rangi Tatu, daraja la Mkapa, Nangurukuru, Kilwa Masoko. Tukalala hapo, asubuhi tukalipia safari ya siku moja ya kuongozwa: kibali, mashua, muongoza watalii na chakula cha mchana. Bei sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mdomo wa mtu mmoja, na jina lake sitalitaja, wala la waliomtuma.

Gatini tulikutana abiria saba. Sisi watatu, mume na mke wa makamo kutoka Ujerumani, na vijana wawili wa Kiholanzi waliokuwa wameshaungua jua kabla safari haijaanza. Muongozaji akaja, kijana mtanashati, miwani ya jua juu ya kofia. Akawapa mkono Wazungu wote wanne, mmoja mmoja, akawauliza majina, akawauliza wamelalaje. Alipofika kwetu akatuhesabu kwa kidole: "Mmoja, wawili, watatu. Sawa, pandeni."

Shangazi alikuwa ameshaandaa uso wa kuitikia. Nyote mnaujua uso ule wa mtu mzima anayesubiri shikamoo. Marahaba yake ilibaki mdomoni.

Nikasema moyoni, pengine ana haraka, maji hayamngoji mtu. Na kuvuka kwenyewe kulikuwa kutamu, nisiseme uongo. Nahodha mzee, mkimya, tanga limeshiba upepo, na mbele yako lile Gereza linakua kidogo kidogo ufukweni mpaka unaanza kuhesabu matundu ya kuta zake. Shangazi alitumbukiza vidole majini kama mtoto.

Tukashuka. Muongozaji akasimama mbele ya Gereza akaanza Kiingereza. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, Kiingereza changu ni cha kuuzia mabati na misumari, kwa hiyo nilikuwa naokota neno hapa na pale: Wareno, 1505, Waomani. Alieleza kama dakika kumi, kwa mikono na mabega, Waholanzi wakacheka mara mbili. Kisha akatugeukia sisi.

"Hapa palikuwa gereza."

Akaanza kutembea.

Na hata hilo sentensi moja alikosea! Ile ilikuwa ngome. Wareno waliijenga walipouteka mji, Waomani wakaja kuijenga upya baadaye sana. Neno gereza lenyewe tumelirithi kwa Wareno hao hao, na kwao lilikuwa kanisa, igreja. Ukimwambia Mswahili "hapa palikuwa gereza" ukaondoka, umemwachia picha ya wafungwa na nyapara. Nilijua haya kwa sababu nilisoma kidogo kabla ya safari. Asiyesoma je? Alilipia nini?

Tukafika Msikiti Mkuu. Hapa naomba mnivumilie, maana hata nikiwa nimekasirika siwezi kupapita haraka. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, msingi wake unarudi mpaka karne ya 11, halafu masultani wakauongeza kwa upande wa kusini kwenye miaka ya 1300 kwa kuba na matao, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna paa sehemu kubwa, jua linaingia kwa vipande, na nguzo za pembe nane zimesimama mistari kwa mistari utadhani jamaa wamesimama safu wanamsubiri imamu. Shangazi alivua ndala zake nje. Hakuna aliyemwambia. Akaingia peku, akashika nguzo kwa kiganja kizima, akanyamaza.

Muongozaji akamwaga Kiingereza chake, robo saa nzima sasa. Akamaliza, akatugeukia.

"Hapa palikuwa msikiti."

Kijana wangu akapasuka kicheko. Mimi nikamfuata muongozaji pembeni, nikamwambia kwa adabu zote: ndugu yangu, tueleze na sisi kidogo, huyu mama ametoka mbali. Akajibu bila hata kunitazama usoni, anapekua simu yake:

"Kaka, nitakufupishia baadaye. Hawa wamelipa dola."

Wamelipa dola. Najua mgeni anatozwa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, na sawa, ndivyo ilivyo kwenye hifadhi zetu zote. Lakini mashua, chakula na mdomo wake yeye tuligawana sawa kwa kichwa, risiti ninayo mpaka leo. Halafu fikirini mahali tuliposimama. Mji huu ndio uliokuwa ukipitishia dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji. Ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba, moja ikaja kuokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine, alinionyesha kijana wangu kwenye simu, ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel huko kaskazini mwa Australia. Mji wa Waswahili wenyewe. Na mtu anasimama katikati yake anakwambia Kiswahili ni baadaye!

Hapo ndipo yule mama wa Kijerumani akaniua kabisa. Kumbe zamani aliwahi kukaa Songea kidogo, Kiswahili chake kimebaki vipande vipande. Akamsogelea shangazi, akamshika mkono, akaanza kumtafsiria. "Sultani yeye tajiri sana, moyo nzuri. Maskini kuja, kusema, mimi nataka nguo hii wewe navaa. Sultani kwenda ndani, kuvua, kupa maskini."

Kile ni kisa cha Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kisa kizuri kupita kiasi. Na shangazi yangu, mtoto wa Kivinje, anasimuliwa na Mjerumani, kwa "maskini kuja, kusema". Shangazi alimshukuru mno. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama na mbuzi.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu saa moja iliyofuata. Tulipita msikiti mdogo wenye kuba, ule wenye vishimo vya duara darini vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kigeni za kung'aa, na pale aliyetueleza ni kijana wangu, anasoma simu kwa sauti. Malikale haya yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, mwaka 2014 yakaondolewa baada ya kazi kubwa ya kukarabati. Kuta zimekarabatiwa kweli. Adabu bado.

Husuni Kubwa ni mwendo, na goti la shangazi lilikuwa limeshaanza kelele, kwa hiyo alibaki kijijini kivulini kwa mama mmoja aliyekuwa anatupikia. Sisi tukaenda. Na nitasema ukweli: kama ningekuwa natoa nyota kwa Husuni Kubwa peke yake ningemaliza nyota zote. Kasri juu ya jabali, vyumba zaidi ya mia moja, ngazi za kushukia baharini, na birika la kuogea la pembe nane lililochongwa kingo zake kwa ustadi ambao fundi wangu wa Mbagala, akiwa na saruji na pima maji, hauwezi. Hilo nalisema kama muuza saruji. Niliingia ndani ya birika lile kavu, nikakaa kwenye kingo, nikatazama bahari. Kwa dakika tano hivi nilimsahau yule bwana.

Nikamkumbuka aliposema, "Hapa walikuwa wanaogelea."

Tuliporudi kijijini tukakuta mambo yamebadilika. Shangazi na yule mama mpishi wameshikana mikono, wanalia na kucheka. Wamechimbuana: wewe wa nani, wa mtaa gani, bibi yako nani. Imeonekana wana undugu wa upande wa mama, wa mbali lakini upo. Muongozaji akapita, akasikia jina la mtaa wa Kivinje likitajwa, akasimama. Naye ni wa huko. Akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Kufumba na kufumbua shangazi anamjua babu yake, alikuwa fundi wa mitumbwi, alikuwa na jicho moja bovu.

Kijana akavua kofia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," akasema shangazi. Ile ile ya asubuhi.

Halafu, jamani, yule bwana akaanza Kiswahili. Alikaa chini kwenye mkeka, sahani ya wali wa nazi na samaki mbele yake, akasimulia jinsi Ali bin Hassan wa Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa kitambaa cha kukizunguka kisiwa chote. Alikizungusha kitambaa kile kwa mkono wake hewani, pwani kwa pwani, anaiga sauti ya muuzaji, anaiga sauti ya mnunuzi, anakatiza kwa "basi bwana we", anamuuliza shangazi "ukaingia wapi muujiza huo?" na shangazi anaitikia. Wali ulipoa. Mbele yake Wazungu wanne walikuwa wakitazamana, safari hii zamu yao. Yule mama wa Kijerumani aliinama mbele, anajaribu kudaka neno, nikamwonea huruma. Nikamfupishia mimi, kwa Kiingereza changu cha misumari.

Ilikuwa nusu saa bora kuliko zote nilizowahi kulipia popote. Na ndiyo iliyonitia hasira mara mbili. Kumbe anaweza! Kiswahili anacho, kisa anacho, sauti anayo. Mpaka uonekane ndugu yake ndiyo akufungulie? Mwenye babu asiyejulikana Kivinje, mtu wa Singida, mtu wa Kigoma, yeye ataondoka na "hapa palikuwa msikiti"?

Na kwa sababu ya utamu wa simulizi, saa zikapita. Nahodha alishakuja mara mbili kutukumbusha. Tulipofika ufukweni maji yalikuwa yamekupwa, mashua imesogea mbali huko, katikati yetu nayo ni tope na maji ya magotini. Nikaanza kufoka. Shangazi na goti lile apite wapi? Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema yote, ya gatini, ya dola, yote, wakati muongozaji alipokunja suruali, akachuchumaa mbele ya shangazi na kumpa mgongo.

"Panda bibi."

Akapanda. Akambeba hatua kwa hatua, tope linamfika kwenye mashavu ya miguu, miwani yake ya jua ikadondoka majini na hakuinama kuiokota. Shangazi ananing'iniza ndala mkononi, anacheka. Kijana wangu ndiye aliyeiokota ile miwani. Mimi nilikuja nyuma na hotuba yangu imenikwama kooni.

Huko Masoko gatini akaomba ya soda. Nikampa. Usiniulize kwa nini.

Sasa nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na moja, na hiyo ni ya nahodha. Nikifika kwenye birika nataka kutoa tano. Nikikumbuka "wamelipa dola" narudi kwenye moja. Wekeni mbili na nusu, au tatu kama mnakwenda na mzee wa Kivinje. Mkienda bila mzee, ombeni muongozaji kwa maneno haya kabla ya kulipa: "atueleze kwa Kiswahili, yote, kama anavyowaeleza wao." Na waandike kwenye risiti.

Shangazi hakubaliani na neno hata moja la haya. Namba ya yule kijana anayo kwenye kisimu chake, kila Ijumaa anatumiwa salamu, na juzi kapigiwa kuambiwa Idi ijayo maji yatakuwa mazuri, aje, na mpishi anamngoja. Eti akauliza, "Na yule kaka mwenye duka, bado ana hasira?"

Shangazi akafunika simu kwa kiganja, akaniangalia. Nikamwambia mwambie bado.