Uzoefu wangu na magari mawili ya kifahari ya umeme: tazama mwaka wa toleo kabla ya nembo

Nimemiliki magari mawili ya kifahari ya umeme yaliyotoka kampuni moja na yenye jina moja. La kwanza lilikuwa la mwaka wa kwanza wa toleo lake. La pili, ambalo ninaliendesha hadi leo, liliundwa miaka minne baadaye. Ukiyaegesha pamoja, mtu asiyeyafahamu hataona tofauti, lakini kwa uimara hayafanani hata kidogo. Ninaandika kwa ajili ya yule anayefikiria kununua gari la namna hii likiwa limekwisha kutumika, maana thamani yake hushuka haraka na wengi huingilia hapo, na karibu wote huanza kwa kuuliza kama betri itadumu.

Betri kuu haikunisumbua katika gari lolote kati ya haya mawili. Ile ya gari la kwanza ilipoteza sehemu ndogo ya uwezo wake mapema, kisha ikatulia, na ndivyo betri za lithiamu zilivyo kwa kawaida: hupungua upesi mwanzoni, halafu upungufu unakwenda polepole kwa miaka mingi. Magari ya daraja hili hupoza betri kwa kimiminika kinachozungushwa na pampu, tofauti na Nissan Leaf za awali ambazo hazikuwa na mfumo huo na ambazo zilichakaa mapema katika maeneo ya joto kali. Kampuni nyingi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, zikiahidi kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Mimi huchaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku na kujaza kabisa pale tu ninapokuwa na safari ndefu.

Kilichonisumbua ni betri nyingine, ile ndogo ya volti 12. Wanunuzi wengi hawajui hata kama ipo. Ndiyo inayoziamsha kompyuta za gari, na ndiyo inayofunga swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na mota. Ikifa, gari lenye chaji tele halina tofauti na lisilo na chaji kabisa. Gari langu la kwanza lilifanya hivyo likiwa limeegeshwa: skrini haikuwaka, milango haikuitika kwa ufunguo wa redio, na kebo ya chaji ilikuwa imeng'ang'ania kwenye tundu lake kwa sababu kufuli ya tundu hilo nayo hutegemea volti 12. Fundi alinieleza chanzo chake vizuri. Katika magari ya mwaka ule kompyuta kadhaa zilikuwa hazilali hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo betri ndogo ilikuwa ikinyonywa na kujazwa tena usiku na mchana, na betri ya risasi na asidi haivumilii mzunguko wa namna hiyo kwa muda mrefu. Katika gari la pili programu imerekebishwa, kompyuta hulala baada ya muda mfupi, na tatizo hilo sijaliona tena. Tesla nao walikwenda hatua nyingine: kuanzia Model S iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021, betri ndogo ni ya lithiamu.

Springi za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa inayobeba gari badala ya springi za chuma, ndizo zilizonigharimu zaidi. Asubuhi nilikuwa nikilikuta gari limelala upande mmoja wa mbele, na nikiliwasha, kompresa, yaani pampu ya hewa, ilikuwa ikinguruma hadi lisimame sawasawa. Uvujaji mdogo kama huo ni rahisi kuupuuza, na hapo ndipo gharama inapoongezeka, kwa sababu kompresa inayolazimika kujaza mpira unaovuja hufanya kazi kupita kiasi hadi nayo inaungua. Hitilafu hii haina uhusiano wowote na umeme. Magari ya kifahari ya petroli yanayo vilevile. Ila gari la umeme ni zito kuliko mwenzake wa petroli kwa sababu ya betri, na uzito huo wote hubebwa na springi, bushi na matairi. Katika gari la pili nililipa nyongeza kidogo kupata lenye springi za chuma, na sijajutia uamuzi huo.

Nilipofuatilia kumbukumbu za umma za magari ya kampuni nyingine, niliona mkondo uleule. Mfano ulionifundisha zaidi ni kompyuta ya skrini ya Tesla. Model S zilizoundwa kuanzia 2012 hadi mapema 2018, pamoja na Model X za 2016 hadi mapema 2018, zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 iliyochakaa kwa kuandikiwa data mfululizo. Ilipokufa, skrini ilikufa nayo, na kamera ya nyuma pamoja na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo vikapotea. Mwaka 2021, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kuingilia kati, magari yapatayo 135,000 yaliitwa yarekebishwe. Kompyuta mpya iliingia mapema mwaka 2018, na hiyo ina maana kwamba Model S mbili zinazotangazwa kuwa za 2018 zinaweza kuwa na kompyuta tofauti. Kwa hiyo soma mwezi wa kuundwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, usitosheke na mwaka ulioandikwa kwenye tangazo.

Mota nazo zina historia yake. Katika Model S za mwanzo zilibadilishwa kwa wingi kwa sababu ya mlio, hadi mwezi Agosti 2014 kampuni ikaongeza dhamana ya mota kuwa miaka 8 bila kikomo cha umbali.

Betri kuu yenyewe haina kinga kamili. Jaguar I-Pace ilitoka mwaka 2018, ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Dunia mwaka 2019, na baadaye magari ya toleo la 2019 nchini Marekani yakaitwa kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto. Wenye magari waliambiwa wasichaji kupita asilimia 80 na waegeshe nje, mbali na majengo, na mwishowe kampuni ikaamua kuyanunua tena. Porsche Taycan ilipata msukosuko mwepesi zaidi: mwaka 2021 magari yapatayo 43,000 yaliitwa kwa kuwa yangeweza kupoteza nguvu ghafla yakiwa barabarani, na dawa yake ilikuwa programu mpya tu. Kwangu tofauti kati ya makosa haya mawili ni kubwa sana, kwa sababu kosa la programu likisharekebishwa gari huwa zima, ilhali kosa lililo ndani ya seli za betri hubaki na gari mpaka betri yenyewe iondolewe.

Wala nisieleweke kwamba gari jipya zaidi ndilo salama zaidi. Mwaka 2024 Genesis GV60, gari la chapa ya kifahari ya Hyundai, na ndugu zake wa umeme waliitwa nchini Marekani kwa sababu ya kifaa kinachodhibiti chaji, ambacho kikiharibika huacha kuilisha betri ndogo ya volti 12, na gari hupoteza nguvu likiwa safarini. Magari hayo yalikuja muongo mzima baada ya Model S, na bado yalikwama mahali palepale. Kila kampuni inapobadilisha vifaa vikubwa kwa mara moja, hesabu huanza upya, na mwaka wa marekebisho makubwa huwa kama mwaka wa kwanza. Ndiyo maana mimi huvutiwa na magari ya mwaka wa mwisho kabla ya mabadiliko: yamekwisha kurekebishwa kwa miaka kadhaa, na soko huyashusha bei kwa sababu tu sura mpya imetoka.

Anayekwenda kuliangalia gari la namna hii aombe liachwe limeegeshwa usiku kucha kabla hajafika, kisha apime kwa macho pengo kati ya tairi na bodi kwenye pembe zote nne. Achunguze kwa namba ya chesisi kama miito yote ya marekebisho imetekelezwa. Aulize betri ya volti 12 ilibadilishwa lini, na asiridhike na jibu la mdomo bila risiti. Mimi nililinunua gari la pili kwa utaratibu huo, na dhamana ya betri yake kuu ikiwa bado na miaka ya kutosha mbele. Hadi sasa limedai matairi, wipa na betri ndogo moja iliyobadilishwa kwa ratiba, na sina mpango wa kuliuza.