Pweza mtamu, lakini "nani analipa?": mtoko wetu wa Shangani

Nianze na swali kwa mwenye ile sehemu ya chakula pale ufukweni Shangani. Jina silitaji, ila watu wa Mtwara wanaopenda kutoka jioni wataijua. Nani aliwaambia wahudumu wako kwamba msichana akipendeza lazima kuna mwanaume nyuma yake anayelipa?

Nieleze taratibu, maana nikimwaga hasira tu watu watasema huyu dada alikosa kiti. Kiti nilipewa. Shida ni kiti chenyewe kilipowekwa, na maneno yaliyofuata.

Huku kwetu mitoko inanoga korosho zikishaanza kuuzwa. Oktoba minada inafunguliwa, pesa inaingia Newala, Tandahimba, Masasi, na mjini nako kila mtu anapata chake: bajaji, saluni, fundi cherehani, muuza vitenge. Msimu wa 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, basi ikawa harusi juu ya harusi. Mimi ni karani kwenye ghala, kazi yangu mizani na makaratasi. Natoka asubuhi narudi jua linazama, vumbi la magunia limejaa mpaka kwenye kope. Ikifika Desemba na Januari kaskazi inavuma na joto lake, ndani ya nyumba ya bati hakukaliki. Jumamosi jioni nataka bahari, nataka nguo nzuri mwilini, nataka kucheka na wenzangu. Sioni kwa nini nimwombe mtu radhi kwa hilo.

Sisi ni mashosti wanne na tunacheza mchezo wa kuchangishana pesa. Kijumbe wetu, anayetukusanyia michango, ni nesi, mkali kuliko benki, hachelewi na hakopeshi. Kila mwezi tunatoa kidogo pembeni kwa ajili ya mtoko, kinakaa kwake mpaka kitoshe. Kwa hiyo tukikaa mezani ile pesa ilishatoka mifukoni mwetu zamani, haina jina la mwanaume yeyote.

Siku hiyo tulitokelezea kweli. Tulinunua lasi ya njano ya embe, jora moja, tukampelekea fundi wetu wa Chikongola kila mmoja na mshono wake. Mimi mikono ya puto na kiuno kimebanwa, kijumbe bega moja wazi, mwingine mwenye hijabu gauni refu linaloburuza na mtandio wa rangi hiyohiyo. Fundi alitupiga danadana kama mafundi wote, kesho njoo, keshokutwa njoo, lakini alipomaliza nilisahau yote. Pindo la ndani alilishona kwa mkono, uzi hauonekani hata ukiligeuza. Rasta mpya, kucha mpya. Kwenye bajaji kutoka Majengo mpaka Shangani dereva alishindwa kunyamaza, akatuuliza harusi ya nani. Hakuna harusi, kaka, ni Jumamosi.

Tulifika jua limeshapoa. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, kina mama wanarudi kutoka mwambani na ndoo zao na vyuma vya kuchokolea pweza, wengine bado wanampigapiga pweza juu ya jiwe. Nikasema leo leo. Meza za mbele, zile zinazopata upepo, zilikuwa tupu kabisa. Mhudumu akatoka, kijana mtanashati, shati jeupe limepigwa pasi, akasema karibuni, akatupitisha zile meza zote mpaka nyuma kabisa, kwenye moshi wa jiko la mkaa. Nikamwuliza, kaka, na zile za mbele? Akajibu zina oda. Sawa.

Haukupita muda wakaja wanaume watatu, mmoja na ndala. Hawakuuliza oda ya nani, wakakaa mbele, na yeye mbio mbio, "Karibuni wakuu." Nikanyamaza. Nilijiambia siharibu jioni kwa ajili ya meza.

Menyu ililetwa moja kwa watu wanne. Nikaanza kumtajia: pweza wa nazi sahani mbili, wali, changu wa kuchoma, juisi ya ukwaju jagi. Kalamu yake haikugusa karatasi. Alikuwa ameishika hivi, hewani, ananitazama. Kisha akauliza:

"Mwenyewe anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia mwenyewe nani? Akasema, "Wa kulipa."

Nikamjibu kwa upole kabisa, kijumbe ni shahidi, kwamba tunalipa sisi. Akasema basi tulipe kwanza ndiyo jiko lianze. Nikamwonyesha ile meza ya mbele, wale wameshaletewa vinywaji, wamelipa kwanza? Akacheka. "Dada, wale watu wazima." Mimi nina kitambulisho cha taifa, nina kazi, nalea watu nyumbani, halafu mimi ndiye mtoto na mwenye ndala ndiye mtu mzima. Nilipomuuliza hivyo ndipo akalitoa lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka mkono unatetemeka: "Warembo wakija wenyewe hapa tunajua wanatafuta nini."

Mwenzetu mwenye hijabu aliinamisha uso. Yeye kutoka kwake ni mara chache, mama yake alimruhusu kwa sababu anatujua sisi. Hebu fikirieni mtoto wa watu anakaa na neno kama hilo mbele ya wateja, amevaa nguo aliyoisubiri wiki nzima.

Tukamwita meneja. Akaja mama mmoja wa makamo, akatuita wanangu, akavuta kiti akakaa nasi, na hapo nampa haki yake, hakutusemesha akiwa amesimama. Akatueleza kwamba wanakuja wasichana, wanaagiza vya gharama, wanamsubiri mtu aliyewaahidi, mtu hatokei, simu imezimwa. Wanaanza kwenda msalani mmoja mmoja, wanatokea ufukweni, wamepotea. Bili anakatwa mhudumu kwenye mshahara wake. Huyu kijana, akasema, amekatwa zaidi ya mara moja.

Hapo nikapoa. Kumkata mfanyakazi kwa chakula alichokula mtu mwingine ni uonevu, na aliyeupanga ni mwenye mali, siyo yule kijana. Ningekuwa yeye na mimi ningekuwa na woga. Kwa hiyo kama mtaniuliza kuhusu hiyo dakika, ningesema wasameheni.

Lakini woga una dawa yake. Bandika karatasi kaunta: hapa unalipa kwanza. Wauza chipsi wengi wanafanya hivyo na hakuna anayenuna, kwa sababu wanamfanyia kila mtu, bosi na karani. Ukichagua wa kumlipisha kwanza kwa kuangalia gauni, hapo hujilindi na hasara tena. Umeshamhukumu mtu. Nilimwambia meneja maneno hayahaya. Akaitikia "kweli mwanangu," akaondoka, na kulipa kwanza tukalipa vilevile. Nikatuma kwa lipa namba, nikamwonyesha kijana ujumbe kwenye simu, akausoma mpaka mwisho kabla ya kwenda jikoni.

Sasa ninalotaka kusema hapa linaniuma, kwa sababu lingenirahisishia kama chakula kingekuwa kibaya. Yule pweza sijapata kumla mahali pengine mjini hapa. Aliyekulia pwani anajua pweza halazimishwi: ukimharakisha anakuwa mpira, ukimwekea chumvi mapema anakukatalia. Huyu alikuwa ameachwa na maji yake mpaka yakakauka, ndipo tui zito likaingia, bizari kidogo, ndimu mwishoni. Unambonyeza kwa kijiko anakatika, lakini ngozi na vile vikombe vyake havijavurugika. Changu naye alichomwa mpaka mifupa ya mapezi inatafunika. Tulikula na ile moshi machoni, kwa hasira, na sahani tukazisafisha. Mwenzetu mwenye hijabu ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema mpishi hajatutukana.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani, hukumu yangu ilikuwa hii: nendeni, lipeni kwanza, kuleni pweza, msimsikilize mhudumu. Nilikuwa hata nimeshamsamehe. Nikawa nawaza ni mazoea ya zamani. Sehemu nyingi za namna hii zilichangamka wakati ule wa gesi, nikiwa shule ya msingi, miaka ya 2012 na 2013. Mji ulijaa wageni wa kampuni, wenye kofia ngumu na magari marefu, meza ya mbele ni yao na bili ni ya ofisi. Bomba likajengwa, mwaka 2015 likazinduliwa, gesi ikaenda Dar es Salaam na wengi wa wale wageni wakaondoka. Wanaojaza viti Jumamosi sasa ni sisi: makarani, manesi, walimu, wauza vitenge. Nikajiambia bado hawajatuzoea, watatuzoea.

Halafu nikarudi na mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko chuo, alikuja likizo, na nilimsifia yule pweza mpaka akashindwa kulala. Ada yake nachangia mimi. Nauli ya kuja Mtwara nilituma mimi. Siku hiyo mfukoni hakuwa na hata mia. Tumeingia, kijana yuleyule, shati jeupe lilelile, moja kwa moja meza ya mbele, akaifuta na kitambaa. Menyu akampa yeye. "Bosi, tukuletee nini?" Kisha, mimi nikiwa nimekaa pale pale, akamwuliza yeye: "Na dada atakunywa nini?"

Hakuna aliyetaja kulipa kwanza. Hakuna aliyeuliza mwenyewe anakuja saa ngapi. Mtoto ana ndevu tatu kidevuni, anavaa shati nililomnunulia mimi, na ameaminiwa mlo mzima kwa kuwa tu amezaliwa mwanaume. Nikaona nisubiri mpaka mwisho nione. Bili ikaja, ikawekwa mbele yake. Akaisukuma kwangu, kichwa chini, maskini aliona haya kuliko mimi. Nikatoa noti zangu kwenye pochi yangu, nikamwekea mhudumu mkononi. Akaenda, akarudi na chenji.

Chenji akampa mdogo wangu.

Pesa aliichukua kwenye mkono wangu kwa macho yake mawili, akairudisha kwenye mkono wa mwingine. "Karibu tena, bosi." Safari hii hakukuwa na habari ya kukatwa mshahara wala ya wasichana kupitia msalani. Yale maelezo ya mama meneja, ambayo niliyapokea kwa moyo mweupe, yalikufa palepale.

Nilitaka kuandika kwamba chakula ni bora na huduma ni mbovu, mtu achague. Nimefuta. Nikaandika tena kwamba mpishi hana kosa na kumnyima wateja ni kumwonea, hilo nalo ni kweli, nalisema kwa moyo wote: mpishi, popote ulipo, Mungu akubariki mikono. Lakini siwezi kumtuma dada wa mtu mahali ambapo ataulizwa anatafuta nini. Mkienda na baba zenu au waume zenu mtakula vizuri na mtashangaa mimi nalalamika nini. Mkienda wenyewe mmependeza, mtanielewa kabla juisi haijafika.

Mwenye mali, kijana usimfukuze, na mshahara wake usimkate tena kwa ajili ya bili za watu. Mfundishe kuandika oda ya yeyote anayeitaja na kumrudishia chenji aliyetoa pesa. Weka lile tangazo kaunta, liwahusu na wenye ndala wa meza ya mbele. Ukifanya hivyo nitarudi na kuandika upya, na nitaandika kwa furaha, kwa sababu yule pweza bado namtamani.

Kwa sasa mtoko wetu umehamia Msangamkuu. Tunavuka na kivuko, chakula tunapika kwa kijumbe tunabeba kwenye hotipoti, na kitambaa cha sare ya mwezi ujao kimeshapelekwa kwa fundi.